Nimeanza riwaya ya mapenzi kwa kitabu cha tatu bila kujua, nirudi nyuma au nimalize tu?

Binti_Tabata

Wapenzi wa vitabu habari za jioni. Nina swali na msinicheke, au chekeni ila mnijibu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma Nairobi, alikuja kwangu likizo na siku ya kuondoka kasahau kitabu chini ya mto. Twisted Hate cha Ana Huang. Mi kichwani nikajua ni riwaya moja basi, hata sijageuza nyuma kuangalia. Nikakianza usiku, kesho yake nna safari ya Dodoma nikakitia kwenye pochi, nikapanda SGR, nikaendelea. Sasa wanaokijua wanajua hicho sio kitabu cha kusoma mbele za watu. Josh ni daktari, Jules anasoma sheria, hawapatani hata kidogo, wanachambana kurasa na kurasa, halafu kule kuchambana kunageuka kitu kingine na hapo ndo mambo yanapata moto, na pembeni yangu kakaa mama mtu mzima kajitanda khanga, kanyamaza zake. Kila nikifika penye moto naziba ukurasa kwa kiganja, nasoma mstari mmoja mmoja kama mtu anachungulia karata. Tulivyoingia kwenye yale mahandaki ya Kilosa nikafunga kabisa nikapumua.

Tunatoka handakini yule mama ananiambia taratibuu, mwanangu, hicho ni cha tatu, cha kwanza umeshasoma? Nilitamani reli ipasuke nizame. Kumbe alimnyang'anya binti yake vyote vinne, akasema ngoja asome kwanza ajue anakataza nini, akavimaliza. Nikamuuliza sasa mama ulimkataza? Akacheka tu akaangalia dirishani.

Ndo nikaelewa kwa nini nilikuwa najiona kama bi harusi mgeni kwenye kikao cha ukoo wa mume. Ava, Alex, Bridget, Rhys, wote wanajuana, wote wana mambo yao ya zamani, na huyu Josh ana kinyongo na Alex, kinyongo kizito hasa, mi sijui kisa. Nimefika ukurasa wa 180 na kitu.

Sasa niache nikatafute cha kwanza au nimalize maana nshanogewa? Na nikimaliza hiki, cha kwanza kitakuwa na utamu gani tena wakati nshajua nani yuko na nani?

kurasa_mia

Malizia dada, usijitese. Huo mfululizo wa Twisted sio wa kusimamisha watu.

Sema kuna mfululizo na mfululizo. Kuna ule ambao ni watu wawili walewale kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho, kama vile vitatu vya Fifty Shades vya 2011 na 2012, pale ukianzia katikati umekula ugali bila mboga, hujui walikutanaje, hujui kwa nini yule dada anaogopa, hujui hata mkataba ni wa nini. Halafu kuna huu wa kwako, kila kitabu kina wawili wake, kinaanza na kinaisha nao, hao wengine ni marafiki na kaka na majirani wanaopita pita. Cha kwanza Alex na Ava, cha pili Bridget na Rhys, hicho cha kwako cha tatu, cha nne Christian na Stella. Viwili vilitoka 2021 na viwili 2022.

Na ukishazoea utaona hawa waandishi wanavyotega. Rafiki wa mhusika anapita tu jikoni kuchukua maji, ana mistari miwili ya kuongea, lakini kaelezewa mabega na macho na saa aliyovaa. Huyo jua kitabu chake kinakuja.

Kuhusu kujua nani yuko na nani, mbona hiyo hata jalada limeshakwambia? Hakuna aliyefungua riwaya ya mapenzi akawa hana uhakika kama wataishia pamoja. Tunasoma kuona WATAFIKAJE.

Jamaa_wa_Ngara

Kisa ni rahisi, huyo Alex alijifanya beste ya Josh miaka yote juu alikuwa anataka kulipiza kisasi kwa buda ya Josh, aliamini huyo mzee ndio alimaliza familia yake. So urafiki wote ulikuwa plani. Sasa wewe ungesamehe?

Mwanaidi_K

WE JAMAA!!! Mwenzio kauliza arudi nyuma au asirudi, we unammwagia uhondo wote chini. Hata onyo huweki?

Jamaa_wa_Ngara

Aki pole, si kitabu cha tatu chenyewe kinasema? Nilidhani ameshafika hapo. Na kitabu ya kwanza ni ya 2021, imekua kama habari ya Simba na Yanga ya mwaka juzi, kila mtu anajua matokeo.

Binti_Tabata

Hahaha haya yameshamwagika. Nlikuwa sijafika hapo. Lakini hapohapo nimezidi kutaka kukisoma cha kwanza, sijui niko sawa?

Shangazi_wa_Kisauni

Niacheni nicheke mimi mtu mzima. Nyinyi mnasumbuka na cha ngapi, sisi tulikuwa tunasumbuka na kipande.

Miaka ya themanini nikiwa bweni, riwaya ya mapenzi ya Mills & Boon ikiingia shule ni moja, wasichana ni arobaini. Kusubiri zamu utamaliza muhula. Basi mmoja wetu, sasa hivi ni nyanya wa watu na ni mama wa kanisa, akapata akili, akakipasua kitabu mgongoni vipande vitatu, watatu wanasoma kwa mpigo halafu mnabadilishana. Mimi kila mara nikiangukia kipande cha kati. Cha kati! Nafungua tu nakuta mwanamume kakasirika, mwanamke analia, mvua inanyesha, hata majina siyajui bado. Jalada tulishatoa, juu tumevisha gazeti na kuandika Biology. Matron akipita anaona watoto wanavyopenda sayansi.

Na nikwambie kitu, nilikuwa nafurahia vilevile. Kipande cha kati ndicho chenye ugomvi mtamu. Mwanzo ni kutambulishana tu, mwisho ni kuposana. Kampuni yenyewe ya London ilianzishwa 1908, na vingi vya wakati wetu kila kimoja kilikuwa na hadithi yake, hukuwa na haja ya kutafuta kilichotangulia. Wala hakukuwa na moto huo mnaosema, au ulikuwapo ila kwa adabu: wakibusiana sana mlango unafungwa, ukurasa wa pili ni asubuhi wanakunywa chai. Tukabaki kubuni wenyewe. Hivi vya sasa nilipewa na mpwa wangu, wallahi nilivua miwani.

Malizia mwanangu. Halafu urudi nyuma.

Mwalimu_Muheza

Naomba nipingane na wote kwa heshima, hasa kurasa_mia.

Huyo dada keshapoteza kitu na hakirudi. Josh na Jules hawakuanza kugombana kitabu cha tatu. Wamegombana kitabu cha kwanza, wamegombana cha pili, pembeni pembeni, kwenye sherehe za wenzao, mistari michache tu lakini ipo. Msomaji aliyeanza mwanzo kakaa vitabu viwili vizima anajisemea hawa wawili hawa, subiri tu. Kwa hiyo anavyofungua cha tatu na wale watu hatimaye wanashikana, kile kitu kimechemka jikoni muda mrefu, ni kama maharage ya kuni. Wewe dada umepewa sahani mezani ukala ukashiba, sawa, ila harufu ya kupika hukuisikia.

Halafu jambo la pili, hakuna anayelisema. Kitabu cha kwanza ni kizito kuliko hicho. Josh anaondoka kwenda Amerika ya Kati kujitolea, anamwomba rafiki yake Alex amwangalizie dada yake Ava, na Alex mwenyewe sio mtu wa masihara, ana roho ya chuma na anafanya mambo ambayo Josh hawezi kuyafanya hata ndotoni. Anayetoka kwenye cha tatu, chenye vichekesho na matusi ya mapenzi, akadhani cha kwanza kitakuwa hivyohivyo, atashtuka. Mbele kabisa pana ukurasa wa tahadhari, watu wanauruka kama wanavyoruka maelezo ya dawa. Usome.

kurasa_mia

Mwalimu hapo kwenye maharage umenishika. Nakubali nusu. Lakini hujasema upande wa pili, ukirudi nyuma ukiwa unajua wale wawili watakuja kupendana, ile mistari michache ya ugomvi wao unaisoma kwa jicho lingine kabisa. Mtu wa mwanzo anapita hapo haraka maana anamfuata Alex na Ava, wewe unasimama. Kila mtu na utamu wake.

Chombezo_Addict

Jamani nyinyi mna raha mnajua cha kwanza kiko wapi. Njooni huku kwetu kwa chombezo, hizi hadithi za moto za kwenye simu.

Mi naanzaga sehemu ya 14. Kila mara. Mtu anatupia kwenye grupu la WhatsApp, juu kaandika CHOMBEZO 18+ SEHEMU YA 14, inaanza "baada ya shemeji kunikuta mlangoni na taulo nikajua leo ni leo", shemeji gani sijui, taulo kwa nini sijui, nasoma nimetoa macho, nafika penyewe, ITAENDELEA. Chini wamejaa watu, tupia mwendelezo mkuu, nipo siti ya mbele, usichelewe. Kuna moja ilinikamata mpaka nikamfuata mtunzi inbox, akasema nzima ni buku mbili, nikatuma kwa simu, akanitumia sehemu ya 15 mpaka ya 19 halafu kimyaa mpaka leo. Sijui mwanzo sijui mwisho. Najua katikati tu, tena naijua vizuri.

Lakini nimejifunza kitu kule, anayeandika kwa sehemu anajua kuna watu wanaingia katikati, kwa hiyo kila sehemu lazima akukumbushe kidogo, "mimi Rehema niliyefiwa na mume mwaka jana". Naona na hawa wazungu wanafanya hivyohivyo ila kwa ufundi zaidi, wanakutajia Alex alifanya kitu bila kusema chote. Sio wamekusahau wewe uliyechelewa, wanakuuzia cha kwanza hapo.

Mwanaidi_K

"Najua katikati tu, tena naijua vizuri" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

pwani_reader

Mwenye PDF ya cha kwanza atupie tafadhali, namsaidia mleta uzi (na mimi).

Mwalimu_Muheza

Hapana mkuu. Huyo Ana Huang alianza kwa kujichapishia mwenyewe, wachapishaji wakubwa wakaja baadaye baada ya watu kununua. Wasomaji wangekaa kusubiri PDF asingefika kitabu cha pili. Kanunue.

pwani_reader

Sawa mwalimu, nimekaa chini. Sema niwaambie yaliyonikuta nikinunua. Nilichukua kimoja barabarani, hivi vilivyotandazwa chini kwenye turubai, bei ya kutupa, karatasi nyeupee kama ya fotokopi na herufi zimefifia. Nasoma, ukurasa wa 212 wanapandisha ngazi, nageuza, ukurasa wa 245 wako kwa mama mkwe. Kurasa 30 na ushee hazipo na mnajua ni zipi. Muuzaji nikamrudia akaniambia kwa uso mkavu "dada hiyo ni toleo la familia".

Shangazi_wa_Kisauni

Toleo la familia!! Mola nipishe.

Binti_Tabata

Mmenifurahisha mpaka nimesahau swali. Lakini hapo pwani_reader umenikumbusha, kuna rafiki yangu kaniambia hizo kurasa za moto ziruke tu, hazina hadithi, hadithi iko kwenye mazungumzo. Ni kweli? Maana mi kuna sehemu nimeruka kwa sababu ya yule mama wa kwenye treni, na sasa naona kama Jules kabadilika ghafla na sijui ni wapi.

kurasa_mia

Rafiki yako kakudanganya, japo kwa nia njema. Kwa mwandishi mbovu ni kweli, unaruka kurasa kumi unamkuta kila mtu alipokuwa. Kwa anayejua kazi yake, pale ndipo mmoja wao analegea. Hawa wawili wa kwako wamewekeana masharti kwamba hakuna mapenzi, ni miili tu, sasa masharti yanavunjikia wapi? Hayavunjikii mahakamani kwenye masomo ya Jules wala hospitali kwa Josh. Yanavunjikia humohumo, mmoja anasema neno ambalo hakupanga kulisema, au anabaki kulala wakati walikubaliana ataondoka. Ukiruka unamkuta mtu asubuhi kanyamaza na hujui kanyamaza nini. Rudi ukasome, safari hii ukiwa kitandani kwako na mlango umefungwa.

Dereva_wa_Usiku

Mi huwa nasoma tu sichangii, leo nachangia. Mwanaume, miaka 41, naendesha lori Dar kwenda Tunduma, na nasoma hizi riwaya. Tukipaki foleni mpakani siku mbili tatu utafanya nini. Wenzangu wanacheza bao mi nimejifungia kabini, wanajua nasoma magazeti ya mpira.

Mleta uzi nikushauri ukimaliza hao utafute riwaya za wale dada watatu wa Talia Hibbert, Waingereza weusi, Chloe, Dani, Eve, vimetoka 2019, 2020 na 2021. Mi nilianza na cha katikati, cha Dani, maana ndo nilikipata, na sikupoteza chochote cha maana zaidi ya kujua kwamba Chloe keshampata mtu wake. Na niwaambie kwa nini kilinikaa. Huyo mwanaume, Zafir, ni mlinzi wa chuo, zamani alikuwa mchezaji wa raga, jitu la miraba minne, anamtoa Dani kwenye lifti siku ya zoezi la moto, watu wanarekodi video inasambaa. Na huyo jitu ANASOMA RIWAYA ZA MAPENZI. Humo kitabuni. Anazisoma kwa sababu alipitia msiba na wasiwasi ukamshika, na hizo riwaya zinamwahidi mwisho mzuri. Nilikisoma hapo nikiwa peke yangu Tunduma usiku, nikafunga kitabu nikashuka kuangalia matairi hata hayakuwa na shida.

Kina moto pia, msifikiri ni cha Sunday school.

Mwanaidi_K

Dereva njoo ujitambulishe vizuri. Uzi umebadilika huu.

Jamaa_wa_Ngara

Hata mimi nasoma btw, mbona mimi hamkuniambia nijitambulishe.

Mwanaidi_K

Wewe bado tunakudai uhondo wetu.

Binti_Tabata

Narudi na mrejesho wakuu, wiki mbili zimepita.

Nilimaliza cha tatu. Zile kurasa nilizoruka nikazirudia, na kurasa_mia alikuwa sahihi, kumbe Jules alikuwa ameshaanza kuogopa mapema sana na mi nilikuwa naziba kwa kiganja. Kuna yule mwanaume wake wa zamani anayemtishia, mi nilikuwa nashangaa mbona huyu dada anashtuka simu ikiita, nilikuwa nimeruka maelezo pamoja na moto.

Halafu nikanunua cha kwanza, dukani, mwalimu usiwe na shaka. Na tahadhari nimeisoma. Sasa hapa ndo nataka kusema jambo. Nlidhani yule jamaa wa Ngara kaniharibia, lakini imekuwa kinyume. Mwenye kuanza mwanzo anamsoma Alex kama mwanaume mgumu anayelainika taratibu. Mi namsoma nikiwa najua. Kila akimfanyia Ava wema nasema muongo wewe, halafu ukurasa unaofuata naona kama sio uongo wote, halafu najikuta namwonea huruma mtu ambaye nshajua kitakachomkuta. Josh naye akitaja "rafiki yangu" tumbo linanikata, maana nimetoka kumsoma akiwa na kinyongo cha muda mrefu. Mwalimu, harufu ya maharage nimeikosa kweli, wale wawili wakigombana humu pembeni nacheka peke yangu tu, siwezi tena kusema subiri tu. Hilo nakubali limeenda.

Cha pili sijakipata bado. Cha nne anacho mdogo wangu huko Nairobi. Jana kanipigia, ananiuliza dada hujaona kitabu changu, jalada lina jina Twisted, nadhani nilikisahau kwako. Nimemwambia hapana mdogo wangu, labda ulikiacha kwenye basi.